Jua Lilipopatwa Nikiwa Ndani

Ta. Kimya. Ta-ta. Kimya kidogo, halafu tena ta-ta-ta, kama mtu anayevunja vijiti vikavu huko juu. Ni mlio wa mabati yakianza kupata joto asubuhi, na mpaka leo nausikia vilevile, hata nikilala nyumba yenye dari. Wenzangu walijua kumekucha kwa kuliona jua. Mimi siku zile nilikuwa nalisikia.

Nilikuwa mwali. Kwetu Bagamoyo, na vijiji vyote vya huku, msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Hatoki, wanaume hawamwoni, na jua halimpigi, mpaka siku atakapochezwa ngoma na kutolewa nje akiwa mtu mzima. Zamani ilikuwa miezi na miezi. Bibi zetu walitoka weupe kama unga wa muhogo. Siku hizi watu wamebana mambo. Mtoto anawekwa ndani shule zikifungwa, anachezwa shule zikikaribia kufunguliwa, Jumatatu yuko darasani na hina yake mikononi. Ndivyo nilivyoahidiwa na mimi. Nilikuwa kidato cha pili, nimechelewa kuliko wenzangu wote, na walikuwa wameshanicheka mpaka wamechoka.

Basi nikaingia ndani kwa moyo mweupe. Mtu akikuambia kaa tu, usipike, usiteke maji, utapakwa liwa ya kung'arisha ngozi na utaletewa chai, utakataa? Nilikuwa na somo wangu, mama jirani anayekaanga samaki pale Dunda, ndiye aliyepewa kazi ya kunifunda. Mwanamke mnene, mcheshi, maneno yake mengine siwezi kuyaandika hapa. Na chini ya kitanda nilikuwa na boksi langu.

Habari ya boksi lazima niieleze, maana bila hilo boksi haya yote yangekuwa likizo tu.

Muhula uliotangulia tulipata mwalimu wa fizikia wa kujitolea, dada mmoja kutoka bara, mwembamba, anayecheka kabla hajamaliza kusema. Siku moja aliacha kitabu akatuhadithia habari za mtu mmoja wa Ulaya, wa zamani sana. Yatima. Kibarua kwenye karakana ya vioo. Shule ya maana hakusoma. Lakini alijua kusugua kioo kuliko watu wote, na akaupitisha mwanga wa jua kwenye upenyo mwembamba, kisha kwenye kioo chake, ukachanuka rangi zote za upinde wa mvua. Hilo wengine walishaliona. Yeye akaangalia zaidi. Akaona kwamba ndani ya zile rangi mna mistari myeusi, myembamba kama nywele, mingi, na kila mmoja una mahali pake. Ukirudi kesho unaukuta palepale. Akaipima mmoja mmoja. Baadaye wengine wakaja kugundua kuwa ile mistari ndiyo inayosema jua limeumbwa kwa vitu gani. Mtu hajafika juani, wala hatafika, lakini kilichomo anakijua.

Mwalimu akatuambia na jingine. Kwamba wasomi wa huko walimruhusu yule fundi akae kwenye vikao vyao, ila asiseme, kwa sababu hakusoma kama wao. Darasa zima likacheka. Mimi nikaumia kana kwamba ni kaka yangu aliyenyamazishwa.

Tukatengeneza maboksi. Langu lilikuwa la viatu vya shangazi. Unabandika nyembe mbili zikaribiane mpaka karibu zigusane, huo ndio upenyo. Upande wa pili unaweka kipande cha CD kwa mshazari. Yangu ilikuwa CD ya kaswida iliyokwaruzika. Wenzangu waliona rangi, wakapiga kelele, wakatosheka. Mimi nilikaa na langu kutwa, nasogeza wembe, nasogeza tena, mpaka nikaiona: mistari miwili, mitatu, halafu mingine. Nikaenda kwa mwalimu mbio. Akachungulia. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Jua litapatwa shule zikishafunguliwa," akaniambia. "Siku hiyo wanakuja wageni, shule ya wasichana ya Dar es Salaam. Wanatafuta watoto wanaopenda sayansi, wanawasomesha bure mpaka kidato cha sita. Wewe ndiye utakayewaonyesha boksi na kuwaeleza. Wakikupenda, kidato cha tatu unaanzia kwao."

Nilirudi nyumbani nimepaa. Nilishajiona na sweta la shule ya Dar, nilishapanga kitanda changu kitakuwa cha juu, karibu na dirisha. Mimi ndivyo nilivyo, nikipewa kamba naenda mpaka kisimani. Mama alipoulizwa alisema: likizo unachezwa, shule zikifunguliwa uko huru, tatizo liko wapi?

Tatizo likatokea Msata. Baba mdogo wa baba yangu akafariki kule, wiki ile ile ya ngoma. Ngoma haipigwi kwenye msiba. Wanaume wakaenda kuzika, wanawake wakaenda matangani, na mimi nikaambiwa nisubiri. Shule zikafunguliwa. Nikasikia kengele, nikasikia viatu vya wenzangu vikipita uchochoroni, nami niko ndani na liwa langu usoni.

Nilimbembeleza mama, naye akaniambia nimwombe shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, aliishi kwetu, na mambo ya mwali neno la mwisho ni lake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani kwangu anachambua mchele, somo yuko pembeni yake.

"Shangazi, naomba asubuhi moja tu," nikasema. "Nifunikeni. Nivisheni baibui, juu yake kanga, juu yake mwamvuli. Haitaonekana hata kucha."

"Na hilo jua utaliangaliaje na manguo yote hayo usoni, we mtoto?" akauliza somo.

"Kwenye boksi, somo."

"Basi na boksi nalo tulivishe baibui!" Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mwali mwenziwe! Tutawacheza pamoja, sare sare!"

Mama akacheka, na mimi nikacheka. Shangazi hakucheka. Aliendelea kuchambua mchele, anatoa chenga, anatupa.

"Huyo mzungu wako wa mistari unayetuhadithia kila siku," akasema, "anatibu nini?"

"Hatibu, shangazi. Alikuwa anaangalia tu mwanga wa jua."

"Anaangalia tu." Akaweka ungo chini. "Mimi walinitoa kabla ya ngoma. Wakasema siku moja tu, kuna harusi ya mjomba kule Zinga, mtoto afunikwe, aende arudi. Nikaenda, nikarudi. Ndoa mbili nimeolewa. Unaniona nina mtoto?"

Mama akaokota chenga zilizomwagika mkekani.

"Basi," akasema, akachukua ungo wake.

Sikuweza kumchukia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningempata mtu mbaya ningepumua. Shangazi alikuwa ananilinda. Alinilea mgongoni mwake, akaninyima kitu hiki kimoja kwa mapenzi matupu.

Siku mbili kabla ya jua kupatwa, mwalimu akaja mwenyewe. Nilimsikia barazani akibisha hodi kwa lafudhi yake ya bara. Akapokelewa vizuri mno, akaletewa maji, akaletewa mikate ya kumimina. Akaeleza yote, wageni, shule, kusomeshwa bure. Shangazi akamsikiliza kwa adabu, akamshukuru kwa kumpenda mtoto wetu, akamwombea dua.

"Kwa hiyo atakuja?" mwalimu akauliza.

"Inshallah, mwalimu. Mungu akijaalia."

Mwalimu akaondoka anacheka. Mimi nyuma ya mlango nilikuwa nimekaa sakafuni, maana nilizaliwa nyumba ile na najua Inshallah ya shangazi ikisemwa kwa sauti laini vile maana yake nini. Yule dada wa watu angeijulia wapi?

Lakini mama alikuwa na mpango wake, na hakuniambia.

Hapa naomba mnielewe, msije mkamcheka mama yangu. Kwetu mtu akiwa kwenye eda, au mgonjwa, au ni mwali, na kuna harusi ya mtu wake wa karibu, hutuma sinia. Wali, nyama, kitambaa kizuri juu, na jirani wa kulibeba. Likifika, mwenye shughuli analipokea kwa mikono miwili na kusema mbele za watu, "Fulani amekuja." Na inahesabika amekuja. Hakuna wa kumlaumu wala kumsahau. Mama alikwenda kwenye shughuli nyingi namna hiyo, kwa mikono ya watu, na hakuna hata moja aliyoambiwa hukuwepo.

Asubuhi ya siku yenyewe niliingiza mkono chini ya kitanda, nikagusa sakafu.

"Mama! Boksi liko wapi?"

Akaja na kikombe cha uji, uso umejaa furaha. "Limeshaondoka na mwenzio." Mwenzangu ni jirani yetu, tulikaa dawati moja, ndiye aliyekuwa akiniletea madaftari. "Nimelifunga kwa kitambaa cheupe kipya, nikamwambia amkabidhi mwalimu mkononi, aseme linatoka kwako. Nimeshakupeleka, mwanangu. Usilie tena."

Nimeshakupeleka. Nilimtazama. Ningemwambia nini? Mama, kule hawapokei sinia? Alikuwa ameamka alfajiri kupiga pasi kile kitambaa. Nikachukua uji nikanywa. Nikasema ahsante.

Mchana haujafika, mwanga ukaanza kubadilika. Huwezi kusema giza. Ulikuwa kama mwanga uliotiwa maji. Kuku wakanyamaza. Msikitini wakaita kwa kipaza sauti, "Assalatu jamia," na nikasikia watu wanapita mbio kwenda kuswali swala ya kupatwa jua. Mama na shangazi wakajifunga wakaenda. Somo akabaki na mimi, maana mwali haachwi peke yake siku kama ile.

Chumba changu kilikuwa na mabati ya mtumba, yaliyotoka kwenye duka lililobomolewa, kwa hiyo yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Kila siku jua likiwa juu, matundu yale yalimwaga vidoa vya mwanga sakafuni, vya duara, kama shilingi zilizotawanyika. Nilishavizoea, sikuviona tena.

"We mwanangu," somo akasema taratibu. "Hebu tazama chini."

Nikatazama. Vile vidoa havikuwa duara. Kila kimoja kilikuwa kimeliwa upande. Na vilikuwa vinaendelea kuliwa, vyote pamoja, upande uleule, mpaka vikawa vimwezi vyembamba. Sakafuni, kitandani, kwenye chandarua, kwenye kanga ya somo, kifuani pake, miezi michanga chumba kizima.

"Miezi hii imetoka wapi ndani ya nyumba?" Somo alikuwa ameshika mdomo.

"Siyo mwezi, somo. Ni jua. Kila tundu linatuletea jua zima, na sasa limefunikwa, kwa hiyo vidoa navyo..." Nikanyoosha kiganja, kimwezi kikatua katikati ya hina niliyopakwa kabla ya msiba. "Hili ni jua lenyewe, somo. Ndivyo lilivyo huko juu sasa hivi."

Somo akatazama kiganja changu, akatazama mabati, akanitazama mimi. Halafu akacheka kwa kunong'ona. "Yaani tumekufungia ndani usilione, nalo limekufuata kitandani! Ala! Shangazi yako asijue, atanidai mahari!"

Tukacheka wote wawili, tukishikana mikono, tunakanyaga ile miezi kwa vidole kama watoto. Naandika haya nikitabasamu. Niseme ukweli: dakika zile nilikuwa na furaha kuliko mtu yeyote Bagamoyo. Kisha vidoa vikajaa tena, vikawa shilingi, kuku wakawika kana kwamba kumekucha upya, na nikakumbuka kwamba wakati huo huo, pale uwanjani shuleni, kuna mtu ameshika boksi langu.

Alikuja jioni, mwenzangu, bado anahema. Boksi limebonyea kona, wembe mmoja umeng'oka. Kile kitambaa cheupe sikukiona tena.

"Shoga, ilikuwa raha! Mwalimu alikusubiri wee, akawa anaangalia geti tu. Wageni wakasema muda unakwenda, nani anajua hiki kitu? Mimi ndiye niliyelibeba, wakanisukuma mbele."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ukichungulia unaona rangi. Wakachungulia. Mama mmoja akaniuliza, na hii mistari myeusi? Mimi nikamwambia, samahani, ni uchafu wa CD." Akacheka mpaka akalala kitandani kwangu. "Wakacheka wote! Yule mama akasema nina ujasiri, nimempendeza. Wamechukua jina langu."

Nilicheka naye. Sijui nilipata wapi hicho kicheko. Nikamwambia hongera, na nilimaanisha, maana kwao walikuwa na shida kuliko sisi, na yeye hakuniibia. Alipewa mzigo abebe, akaubeba, akafika. Wakampokea yeye.

Mwalimu sikumwona tena. Nilipotolewa, muda wake wa kujitolea ulikuwa umekwisha, amerudi bara. Aliniachia ujumbe kwa mdomo tu, kwa mwenzangu huyohuyo: "Mwambie nilidhani anapenda." Nimeibeba hiyo sentensi mpaka leo. Nilidhani anapenda.

Ngoma yangu ilikuwa kubwa, hilo sibishi. Walinibeba mabegani, nimefunikwa kanga mpya, wanawake wa Dunda yote wanaimba, shangazi anacheza mbele na machozi yanamtoka kwa furaha. Waliponifunua uso, jua likanipiga usoni kama kofi, nikalia. Wakashangilia zaidi. Mwali hulia, ndiyo adabu yake. Hakuna aliyeniuliza nalilia nini.

Kidato cha nne nilimaliza, matokeo yalikuwa ya kawaida yetu, na sikuendelea. Sasa nina kibanda cha vinywaji hapa hapa Dunda, soda, juisi ya ukwaju, barafu. Silalamiki. Bado ni mtu wa ndoto, wateja wananiita mama mipango. Lakini kuna kitu kimoja hakinitoki, na nikikisema watu wananiona nina kijicho, kwa hiyo nimekiandika.

Idi iliyopita mwenzangu alikuja nyumbani. Yuko chuo kikuu sasa, anasoma mambo hayohayo, mwanga, nyota. Amependeza. Akakaa kwenye benchi la kibanda changu, nikamfungulia soda baridi ile anayoipenda toka utotoni. Akanieleza kwamba ile mistari ya kwenye jua kila kundi lina kitu chake, hii ya chuma, hii ya sodiamu, ile iliyomo hata kwenye chumvi ya kupikia, na kwamba kuna hewa moja watu waliigundua juani kabla hawajaipata hapa duniani. Nilikuwa nasikiliza kama mtu mwenye njaa. Anajua sana, jamani. Anajua vizuri.

"Hivi wewe mambo haya yalikuanzia wapi?" nikamwuliza.

"Mimi?" Akafikiri. Alifikiri kweli, kwa uaminifu. "Si wale wageni waliokuja shuleni siku ya kupatwa jua? Nikawaonyesha kijidude fulani cha mwalimu. Boksi sijui, na CD. Hivi na wewe ulikuwepo?"

Bodaboda ikapita, ikapiga honi. Nikangoja ipite.

"Sikuwepo," nikasema. "Nilikuwa ndani."

"Aa, kweli! Ulikuwa mwali! Ulipendeza siku ile ya ngoma, shoga, sijapata kuona."

Simu yake ikaita, gari la kwenda Dar linamngoja. Akanikumbatia, akanukia vizuri, akaahidi kunipigia. Nilimpungia mpaka akakata kona.

Soda yake alikuwa amekunywa nusu. Mteja akibakiza, huwa nawamiminia watoto wa jirani kwenye kikombe. Kwetu soda haimwagwi. Niliishika ile chupa, ilikuwa bado ya baridi. Nikaenda nyuma ya kibanda, nikaiinamisha, nikaiacha yote iishie mchangani, taratibu, mpaka tone la mwisho. Halafu nikaisuuza chupa, nikairudisha kwenye kreti.